Mtu wa Kushoto

Jumapili, 4 Machi

Shangazi,

Kabla ya shikamoo nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nikianza na shikamoo najua nitaishia kukueleza habari za mvua. Sikumpigia simu fundi. Niliandika kwenye daftari kwamba nimempigia, na sikumpigia.

Sasa shikamoo. Sisi hatujambo, kikohozi cha baba kimepungua. Natumaini mgongo wako umepata nafuu.

Fundi ni yule wa cherehani, aliyemtoa baba kwenye pombe na kumleta kwenye mkutano wetu wa Jumamosi. Tunakutana kwenye darasa la chuo cha udereva, kuta zimejaa alama za barabarani, na baba kiti chake kiko chini ya ile ya kupunguza mwendo. Hatuna mwenyekiti. Ukishakaa kwenye duara, uwe mlevi aliyeacha au mtoto wake, una kazi. Yupo wa kufungua mlango, wa kupanga viti, wa chai. Na viti havibadilishwi, kwa sababu kila mtu ni mwangalizi wa aliyeko kulia kwake. Mtu asipotokea, yule wa kushoto kwake humpigia siku hiyohiyo, kisha anaandika kwenye daftari alivyomkuta.

Mtu wa kushoto wa fundi ni mimi. Alikuwa ananiita Spika, kwa sababu siongei. "Spika ameketi," alikuwa akisema, "bunge linaweza kuanza." Watu wakicheka, mimi naangalia viatu.

Jumamosi moja mwezi uliopita kiti chake kilikuwa kitupu. Niliandika maneno ya kumwambia, kwanza kwa lugha ya shule, halafu kwa yetu, nikayakariri chooni. Nikashika simu. Nikawaza, akinyamaza nitasema nini? Nikawaza, atakuwa na mafua tu. Nikaandika: "Nimempigia. Ni mafua. Wiki ijayo atakuja." Na kwa kuwa nimeandika, hakuna mwingine aliyemfuatilia.

Alikutwa Jumanne kwenye kibanda chake cha kushonea, na mteja aliyefuata sare za watoto. Alikuwa ameirudia chupa, akaanguka. Daktari alisema alikufa Jumapili. Shangazi, Jumamosi alikuwa hai.

Mkewe alikuwa safarini, anamuuguza mama yake. Siku ya mazishi alinivuta pembeni. "Wewe ndiye uliyeongea naye mwisho, mwanangu. Alisema nini?" Nikamwambia, "Alisema nikusalimie." Akanishika mashavu kwa mikono miwili.

Usimwambie baba. Kwenye simu nisingeweza kuyasema haya, unanijua.

Binti yako


19 Machi

Binti wa kaka yangu,

Marahaba, japo shikamoo yenyewe umeichomeka katikati kama kiraka. Mgongo uko palepale. Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali tunakunja mashuka tangu asubuhi mpaka vidole vinasahau kukunjuka. Barua yako niliisoma nimesimama kati ya mashine mbili, msimamizi akaniuliza nimefiwa na nani.

Sitakuambia kwamba si kosa lako. Utajua nakudanganya, na uongo umeshakuchosha. Ila kosa lako lina ukubwa wake, usilijaze maji. Chupa hukuinunua wewe.

Liseme palepale lilipotokea, kwenye duara. Ukianza na baba yako atakufunika, namjua, na litaozea humo ndani kwenu. Ulikubali kiti kama mtu mzima, jibu kama mtu mzima. Na yule mama usimpe salamu nyingine, tafadhali.

Mimi kusema ni rahisi. Siku niliyoondoka kaka yangu alikuwa amelala mlangoni, amelewa. Nilimruka, begi mkononi, nikaenda zangu. Hilo nami sijawahi kumwambia mtu.

Kula vizuri.

Shangazi yako


Jumapili, 1 Aprili

Shikamoo shangazi,

Natumaini hujambo na mashine hazijakumaliza. Sisi tunaendelea.

Nimekwenda mara mbili na mara zote mbili zamu yangu ilipofika nikasema "Napita." Inaruhusiwa, hakuna anayeuliza kwa nini. Ni neno moja tu na ndilo ninaloliweza.

Mke wa fundi sasa anakuja. Amepewa kiti cha mumewe, kwa hiyo mimi ndiye mwangalizi wake. Jana alinishika mkono mkutano mzima, kiganja chake kina sugu za mkasi. Alipotoka aliniuliza tena: je, sauti ya mumewe ilikuwa ya uchovu? Nikasema hapana. Naomba unisamehe.

Na kuna baba. Amechukua kazi ya fundi ya kufungua mlango, anatembea na ufunguo shingoni kama mwanafunzi wa bweni. Ana miezi saba sasa bila pombe. Jana alisimama akasema, "Mimi kinachonishikilia ni lile daftari. Najua nikiteleza, kuna mtu atanitafuta. Rafiki yangu alikufa, lakini hakufa bila kutafutwa." Wote wakaitikia. Shangazi, nikisema, namnyang'anya nini baba?

Binti yako


16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina maneno mengi, macho yananiwasha kwa dawa za kufulia.

Swali lako nimelala nalo, nikaamka nalo. Nijualo ni kwamba baba yako ameegemea ukuta ambao haupo, na wewe peke yako ndiye unayejua.

Mimi sitamwambia. Si mimi niliyekaa kwenye kile kiti.

Shangazi yako


Jumamosi, 26 Mei

Shikamoo shangazi,

Sijui kama barua yangu ya mwanzo wa mwezi ilikufika, maana hujajibu. Nitarudia, kwa kifupi.

Nilisema. Nilisimama, ingawa huwa tunaongea tukiwa tumekaa, na nikasema sikumpigia. Sikulia. Hakuna aliyenifokea, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mke wa fundi aliuliza, "Kwa hiyo hakunisalimia?"

Nikasema, "Sijui, mama. Hakuna aliyempigia."

Akainuka, akakibeba kile kiti mpaka ukutani, akakiegemeza pale taratibu, akatoka. Hajarudi. Nilimpigia kama zamu yangu inavyotaka. Alipokea, akasema, "Usinipigie tena," akakata. Hilo niliandika kwenye daftari kama lilivyo.

Alipotoka yeye, kinyozi mmoja wa duara letu akafungua mdomo. Jumapili ile alipita mbele ya kibanda cha fundi, mlango uko wazi nusu, redio inaongea. "Nikasema moyoni, Spika ameshampigia, ana mafua, acha apumzike." Muuza mkate naye namba ya fundi alikuwa nayo. Hata baba alikuwa nayo. Alijua fundi hajawahi kukosa mkutano kwa mafua, na bado aliliamini daftari. Kila mmoja alikuwa ameona kitu, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kushoto wa kumwachia.

Nilidhani tukishasema hivyo tutakuwa karibu zaidi. Wiki iliyofuata tulikuja sita. Kinyozi alisema daftari lenyewe nani atalisadiki tena, akarudisha kikombe chake cha chai, hakuja tena. Kisha tukawa watatu. Jumamosi iliyopita tulikuwa mimi na baba. Alipanga viti vyote kumi na vinne, tukakaa.

"Duara la watu wawili," akasema, anajaribu kucheka. "Kila mmoja ni wa kushoto wa mwenzake."

Nikamuuliza kama ananichukia. Akasema hapana. Akasema ningeweza kumwambia yeye kwanza. Akanipa ufunguo nishike mimi, eti shingo inamuwasha.

Leo nimefungua mlango, nimepanga viti, nimechemsha maji. Hakuja mtu. Baba aliondoka asubuhi akisema tutakutana hukohuko. Nilisubiri mpaka saa kumi na moja, halafu nikampigia. Sikuandika kwanza maneno kwenye karatasi. Simu iliita ikakatika mara sita. Mara ya saba ilipokelewa. Hakusema kitu, ila nyuma yake nilisikia watu wanacheka, na glasi.

Nikasema, "Baba, hatukukuona leo."

Nilisema vizuri, shangazi. Sikukwama hata neno moja. Nikamsikia anavyopumua, kisha akakata.

Nikaandika kwenye daftari, "Nimempigia." Pale pa kuandika nilivyomkuta sikuandika kitu. Nikafunga mlango, nikarudi nyumbani.

Nakuandikia chumbani kwangu, jua bado lipo kwenye paa la jirani. Nilitaka kukuuliza ile siku ulipomruka mlangoni, kama alikuwa macho. Kama alikuona. Kwa sababu nina begi pia, na sijui

Viatu vya baba vinasikika kwenye ngazi. Hatua mbili, kisha mkono unapapasa ukuta. Hatua moja. Amefika kwenye korido, anaita jina langu kwa sauti ile ya zamani. Karatasi naiweka chini ya godoro, nitai