Vigelegele vya Harusi Yangu Vimeingia Kwenye Taarifa ya Habari

Bi Asila wangu, assalamu alaykum. Niwie radhi kwa maneno mengi, moyo umejaa na sina pa kuumimina ila kwako.

Mimi ni bibi harusi, hina bado imo mikononi, na mume nimepata, Bi Asila, mume hasa! Jamil ananiamsha kwa chai ya tangawizi, ananiita habibti mbele ya mama yake bila haya, hapiti Darajani bila kuniletea kikuba cha asumini, na nikikivaa chumba kizima kinanukia nasema alhamdulillahi, kumbe yale mashairi ya mapenzi niliyokuwa nikiandika skuli nilikuwa namwandika yeye kabla sijamjua.

Kazi yake ni kuunganisha picha za taarifa ya habari katika televisheni ya serikali, na mimi na rafiki yangu Yusra tuna ukurasa wetu mtandaoni, watu wanatuletea habari wanazozitilia shaka, tunachunguza picha imepigwa wapi, lini, na nani, kisha tunaandika kama ni kweli au uongo, na Jamil alikuwa akinitania, "Nimeoa polisi wa picha," tukicheka.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakula, mtangazaji akasema wanawake wa Chwaka wamecheza ngoma kushangilia maji ya mfereji yaliyofika kijijini kwao, na nilipoinua macho nikaona kanga ya zambarau yenye mabibo ya manjano, kanga ya sare ya harusi yangu niliyoichagua mwenyewe hapa Mlandege, na aliyekuwa mbele, kajifunga kibwebwe, kichwa wazi, anapiga vigelegele, ni shangazi yangu Mwatum, na pembeni ya picha mkono wenye hina ni mkono wangu! Ngoma ile tuliicheza uani kwa shangazi, Chwaka, wanawake peke yetu, binti yake ndiye aliyepiga picha, nami nilimpa Jamil picha hizo anitengenezee ukumbusho.

Nikamwambia, "Jamil, ile si harusi yetu?"

Akaliweka tonge sahanini. "Mkuu alitaka wanawake wa Chwaka wenye furaha, na gari la kwenda huko halikuwepo. Wale si wanawake wa Chwaka?"

"Ndio."

"Hawana furaha?"

"Wana furaha ya mimi kuolewa!"

"Basi furaha ni furaha, habibti."

Akanibusu kiganja, Bi Asila, nikayeyuka, nikamwongezea mchuzi.

Lakini maji hayajafika. Mfereji wameusimamisha, bomba na koki yake, ukiufungua unatoa upepo. Shangazi bado anateka kisimani, na sasa akifika wenzake wanainua ndoo zao wanaondoka, kwenye kilimo cha mwani hawasemi naye, na mmoja kamwambia, "Mwatum, wewe unafuata nini kisimani? Nenda kwenye mfereji wako, ukawachezee tena waliokulipa." Ananipigia simu analia, hajui picha za uani kwake zimefikaje huko, mimi najua na ulimi unanishinda. Watu wa Chwaka washatutumia ile habari wanauliza kama ni kweli, Yusra ananihimiza tujibu, naye hajui nani aliyeziunganisha zile picha. Nikisema, Jamil atafukuzwa kazi na mimi ndiye niliyemuuza, nisiposema, shangazi atazidi kutengwa. Nifanye nini nisimpoteze mume wangu?

Mwenye Kikuba, Mlandege

*

Mwenye Kikuba, waalaykumu salaam. Hongera, Mungu aibariki ndoa yenu. Sasa kivue hicho kikuba kidogo, tuzungumze.

Barua yako imejaa Jamil, na swali lako la mwisho ni la Jamil. Hukuuliza hata mara moja ni nani aliyemwomba Mwatum ruhusa. Mwanamke anayefunua kichwa uani kwake, mlango umefungwa, kati ya wanawake wenzake, amewaamini waliomo humo. Wewe ukachukua picha za ua ule ukampa mwanamume. Mume wako, ndio, lakini si mume wa wale wengine. Naye akazipeleka kila nyumba yenye televisheni. Jambo hili limeanzia mkononi mwako, mwanangu, kabla halijafika kwake.

Simwoni Jamil kuwa mtu mbaya. Aliambiwa alete furaha, akachukua iliyokuwa karibu. Uongo wa namna hii ndivyo unavyopikwa: Chwaka ni ya kweli, wanawake ni wa kweli, vigelegele ni vya kweli, kisha vyote vinabandikwa kwenye mfereji usio na maji. Wewe mwenye kazi ya kuchunguza picha unalijua hilo kuliko mimi. Ukiuliza jambo, subiri jibu, usipokee busu badala yake.

Kesho asubuhi mwende Chwaka nyote wawili. Jamil atoe shikamoo, kisha aseme kwa mdomo wake kwamba ni yeye. Shangazi akitaka, awaite wenzake wa mwani wasikie kutoka kwa Jamil, si kutoka kwako. Akiwatukana, pokeeni matusi yenu, mmeyachuma.

Mkirudi mjini, Jamil aende moja kwa moja kwa mkuu wake adai picha iondolewe na habari isahihishwe. Anaweza kufukuzwa? Anaweza, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini mume aliyefukuzwa kwa kusema kweli utamtazama usoni. Huyu anayeilinda kazi yake kwa machozi ya shangazi yako, utakuwa unakaa naye kila jioni mbele ya taarifa ya habari, ukiwatafuta ndugu zako humo.

Yusra mweleze yote leo hii, usingoje akajua kwa watu. Aandike yeye, maana jambo ni la nyumba yako, na aseme wazi kwamba ngoma ile ni ya harusi ya mwenzake. Picha yenyewe asiirudishe hewani, hata kwa kuziba nyuso. Mwatum amefunuliwa mara moja, yatosha.

Ushahidi mnaoutaka uko kijijini. Mkiwa huko huko Chwaka, upigeni picha mfereji: mkono unaufungua, upepo unatoka, basi. Na mkono huo uwe wako, ule ule wa kwenye taarifa ya habari, kabla hina haijafutika.

Bi Asila