Jina la Mwenye Nyumba

Jumanne, 4 Machi

Nimetoka chemchemini saa moja. Maji ya kahawia tena, mvua zimeanza. Nimechuja kwa kitambaa mara mbili, nikachemsha, nikaketi kushona. Sketi tatu za shule. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mihogo, nami nikawa naendesha cherehani nusu macho, nusu usingizini. Nikaona bomba linapita katikati ya nyumba, linanong'ona. Niliposhtuka sindano ilikuwa imekwenda kombo na pindo limeharibika.

Kesho anakuja afisa wa mkopo kutoka Busia. Benki zilitukataa. Huu ni mkopo wa serikali, riba ndogo, tuchimbe kisima na kuvuta maji hadi kila boma hapa Moding. Mimi ndiye katibu wa kikundi chetu cha maji kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Orodha ya wenye nyumba nimeiandika mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Najivunia ile orodha.

Jumatano, 5 Machi

Aibu.

Afisa ni dada kijana, mpole, anaitwa Nekesa. Alitaka kumwona kila mtu wa kwenye orodha, uso kwa uso. Tukaanza kwa jirani yangu, Toto Amoit, bibi mjane. Toto ndivyo sisi Wateso tunavyomwita mama. Kwenye orodha nilikuwa nimeandika jina la mume wake, Ekirapa. Nekesa akauliza mzee yuko wapi. Toto akainuka, akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba hadi kaburini.

"Mzee ni huyu. Msalimie."

Hakuwa anatania. Alisema kwa heshima zote. Nekesa alisimama pale, faili kifuani, kama mtu aliyeamshwa ghafla.

Nyumba ya tatu, kaburi. Ya saba, kaburi lenye vigae. Jumla marehemu tisa. Nilijua wote wamekufa, mazishini kwao niliimba. Lakini nilipopita nikiuliza nyumba ni ya nani, nilijibiwa vile tunavyosema kila siku: kwa Ekirapa, kwa Etyang. Kwetu mtu akifa nyumba inabaki yake. Nikaandika nilichoambiwa. Sikuona kosa, na hata sasa silioni sawasawa.

Wa tisa ni Omuse, mume wangu. Nilimwandika bila kufikiri. Mwaka wa tatu huu.

Nekesa hakufoka. Alisema tu serikali haikopeshi marehemu. Amenipa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Kila nyumba iwe na mtu aliye hai, sahihi yake na kitambulisho chake. Atarudi kuwaona mwenyewe. Tukishindwa, nafasi yetu inapewa kikundi kingine, na sisi tutarudi nyuma ya foleni.

Jumamosi, 8 Machi

Boma kwa boma tena. Mama mmoja alicheka, akaninyang'anya kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa. Kwingine ndugu wawili waligombana nani aandikwe mpaka chai ikapoa. Mama yao alitoka jikoni, akatoa kitambulisho chake, nikamwandika yeye.

Toto Amoit amekataa. Ati nikimfuta mzee nitakuwa nimemfukuza kwake. Tuliketi barazani. Upepo ulileta mlio wa malori kutoka upande wa Malaba, ukauchukua, ukauleta tena. Nilipoinuka miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Jumapili, 9 Machi

Mjukuu wa Toto amelazwa. Homa ya matumbo. Yale maji.

Nina hasira, na sina wa kumkasirikia.

Jumatatu, 10 Machi

Toto alikuja asubuhi na umande miguuni. Hakuketi. "Weka mimi. Mzee nimeshaongea na yeye." Akaweka kidole gumba kwenye wino. Mtoto anaendelea vizuri, homa imeshuka.

Wanane tayari. Limebaki boma moja, nalo ni langu. Nimesema nitaliandika kesho.

Jumanne, 11 Machi

Sikuandika.

Mchana nilisinzia mkekani. Omuse alikuwa mlangoni na shati lake la safari, lile la kazi ya lori, ananawa uso. Maji yanamwagika, hayaishi, na sakafu haipati unyevu. Nilitaka kumwuliza maji yametoka wapi. Sikuweza kufungua mdomo, na sikujali. Ilitosha kumwangalia akinawa. Nilipoamka jua lilikuwa limehamia ukutani, na kwa muda mfupi mzuri sikukumbuka kuwa amekufa.

Nimemkosa sana. Nimelia, nikarudi kwenye sketi.

Jumatano, 12 Machi

Amekuja shemeji Okisai, mdogo wake Omuse. Kanywa chai yangu vikombe viwili kwanza. Amesikia habari za orodha.

"Shemeji, hapo inafaa jina ya mwanaume. Andika mimi. Maji ikikuja kwa jina yako, kesho utasema hata shamba ni yako."

Nilimwambia nitafikiria. Najichukia kwa jibu lile. Alipoondoka ndipo maneno yalipokuja, mengi, ya kupanga foleni. Kwamba hakuwahi kupanda hata shina moja la muhogo hapa. Kwamba nyumba hii niliikandika kwa mikono yangu mwenyewe nikiwa mjamzito, Omuse akiwa njiani kwenda Kampala.

Kisha nikaona jambo lingine, nikaketi. Nimeliacha jina la Omuse pale nikidhani ni mapenzi. Ni mapenzi kweli. Lakini pia ni woga. Jina lake likiwa mlangoni hakuna anayeniuliza mimi nakaa hapa kama nani.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeamka mapema, nikafagia uwanja wote, nikaoga, nikavaa gauni la kanisani. Siku ya kazi, na mimi na gauni la kanisani. Nimekwenda kaburini kwanza. Sikuomba ruhusa. Nilimweleza tu, vile ningemweleza jambo akiwa anafunga viatu.

Nikarudi mezani. Nimekata jina la Omuse kwa mstari mmoja wa rula, mwembamba, bado anasomeka. Juu yake nimeandika jina langu, Kevina Akisa. K imetoka imepinda. Mwandiko mbaya kuliko wote kwenye orodha.

Nimemtumia Okisai ujumbe kumwarifu. Amepiga simu mara nne. Ya tano nimepokea, nimemsikiliza mpaka akamaliza, nikamwambia nyumba hii ina mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Nekesa alifika saa nne, akapita nyumba zote tisa. Kwangu ilikuwa ya mwisho. Okisai alikuwa ameshafika, amesimama pale langoni, mikono nyuma. Nekesa aliisoma karatasi, akatutazama wote wawili, akauliza alichouliza kila boma.

"Mwenye nyumba ni nani hapa?"

Okisai akafungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kuku walikimbia.

Nekesa akaangalia kitambulisho, akaniangalia uso, akaweka alama ya tiki. Dakika haikuisha. Okisai aliondoka bila kuaga. Nimeumia, maana alikuwa shemeji mzuri wakati wa mazishi. Lakini sijutii.

Jumanne, 18 Machi

Barua ya mkopo bado. Nekesa anasema faili limepita kwake, sasa liko mezani kwa wakubwa.

Wapima njia ya bomba wamekuja leo wakati mvua imekatika. Wawili, na kamba ndefu. Kila boma wamepigilia kigingi pale bomba litakapoingilia. Changu kiko kando ya lango, na wameandika juu yake K. Akisa kwa wino mzito. Nimemhamisha ng'ombe nikamfunga upande wa pili, asije akaking'oa.