Vipande Nyuma ya Dirisha

Wanangu,

Chai ya mafundi iko kwenye chupa, na sukari msiwafiche. ~~Madirisha ya mbao wapeni wakachome.~~ Madirisha ya mbao msimpe mtu.

Mnakumbuka nilivyokuwa namsema marehemu baba yenu, seremala mzima, dirisha la chumbani kwake linapitisha upepo? Leo asubuhi wameling'oa. Kumbe ukuta ndio unaoinama. Nyuma ya fremu tumekuta vipande vyembamba vya mbao. Kila mwaka ukuta ukisogea, aliongeza kimoja kuziba mwanya, akaandika tarehe kwa penseli. Cha mwisho ni cha siku aliyolazwa hospitali. Asubuhi ile nilimwita mvivu.

Funikeni vitanda, kuna vumbi. Nimekwenda makaburini kumwomba radhi. Nimechelewa miaka sita, kwa hiyo msinisubiri kula.

Mama