Neno Lililoliwa na Mashine

Mjukuu wangu Asma, mke mwenzangu,

Salamu kutoka Kojani. Mie mzima, ila nimechoka mpaka kucha. Babu yako anakohoa wiki nzima, na jirani Bi Time kaposwa tena, wa tatu huyo!

Umenambia kwenye kompyuta unatuma ujumbe mbio mbio, unautilia makelele makusudi, uone kama utajirekebisha wenyewe ukifika. Ukaniuliza kuna haja gani ya kuubebesha maneno ya ziada.

Nilipokuwa kigori, mama yangu alipelekwa hospitali ng'ambo, hali mbaya. Alasiri boti ya mjomba iliyompeleka ikapita bila kutua, mashine inanguruma, mwenyewe akanipigia ukelele. Nikasikia: "Mama kafa! Uji kanywa!"

Nikaingia ndani nalia. Majamvi yakaanza kutandikwa. Shangazi akanishika mkono. "Kasemaje, neno kwa neno?"

Nikamwambia.

"Wee mwehu! Maiti hunywa uji? Kasema kafika!"

Basi maneno hayo ya ziada usiyapunguze, Asma. Bila ya uji ule ningemlilia mama yangu msiba, naye yu hai kitandani, anautazama mlango kama nitaingia.

Bibi yako, nakwenda kujinyoosha.