Mkubwa Haulizwi Mara Mbili

Kazija, acha kila kitu usome.

Valerian, bosi wetu hapa ushirika, kaizima seva mbele ya wageni kwa kidole chake mwenyewe.

Unakumbuka Dativa, fundi wetu wa kompyuta, alivyomtengenezea ukurasa wa kuiendesha kwa vitufe? Kila kitufe kilikuwa kinauliza kwanza, "Una uhakika?" Bwana akaamuru swali litolewe. Eti mkubwa haulizwi mara mbili. Kichwa cha kufugia nywele.

Leo anawaonyesha wageni kitufe cha kuzima, akakibonyeza kweli. Mapokezi ya korosho, yanayoandikishwa humo, yakasimama wilaya nzima.

"Dativa, cha kuwashia kiko wapi?"

"Kimo humohumo kwenye seva uliyoizima, bosi."

Sasa yuko kwenye bodaboda, anaifuata seva ghalani Milola akaiwashe kwa mkono. Njiani kampigia Dativa: "Una uhakika itawaka?"

Dativa akamjibu. Bosi alipopiga tena kuuliza lilelile, Dativa kazima simu.