Kadi Tisa Katika Bati la Biskuti

Mpendwa Bi Tsukuda,

Naomba msaada wako kabla sijapasuka, na naomba usinicheke, ingawa najua utacheka, maana hata mimi ningeikuta barua hii gazetini kwenye safu yako ya ushauri ningemwita mume wangu tuisome pamoja tukicheka, ila safari hii mume wangu ndiye ugonjwa wenyewe. Nina miaka arobaini na moja, nafanya kazi kwenye duka la dobi hapa Himi, afya yangu ni nzuri, na ninamwonea wivu msichana wa miaka kumi na sita ambaye hayupo duniani. Amechorwa.

Mume wangu, Tomohide, anafanya kazi katika kiwanda cha keki za samaki, ni mtu mpole asiyesema sana, na kitu kimoja anachokipenda tangu tulipokuwa shule ni manga, hadithi za katuni, za mapenzi na vichekesho, wala haoni haya, hulinunua jarida lake kila Jumatano akalishika mkononi njia nzima bila kulifunika. Mimi ndiye niliyemfuata katika mapenzi hayo. Yeye husoma kwanza, halafu mimi, kisha Jumapili asubuhi tunakaa na wali wetu na samaki wa kuchoma tukitazama kwenye televisheni zile zilizotengenezewa anime, na nikisema ukweli hizo ndizo saa nzuri kuliko zote katika ndoa hii ya miaka kumi na minne. Nazipenda hadithi hizo kwa sababu kila mtu ndani yake anampenda mtu na kila mtu anaona haya kusema, mvua ikinyesha mwavuli utakuwa mmoja tu, mtu akiugua atakayeleta uji ni yule yule, unajua kabisa kitakachotokea na kikitokea bado unapiga kelele.

Basi mwaka jana ikaja hii inayoitwa Kiti cha Dirishani. Kuna mvulana, Wataru, na wasichana wawili wanaomtaka. Mmoja ni Sayuki, mgeni aliyehamia shuleni kwao, mtulivu, anaongea kwa sauti ya chini, chakula chake cha mchana kimepangwa kama bustani, nami nampenda Sayuki kwa moyo wote, natamani ningekuwa yeye. Wa pili ni huyo Otoe. Otoe amekulia nyumba ya pili kutoka kwa Wataru, ana utepe wa njano kichwani na mdomo usiofungwa, akikasirika anabamiza milango halafu masikio yanamwiva, anadokoa chakula kwenye sahani ya mwenzake bila kuomba, na hajui kusema neno moja tamu hata ukimpa wiki nzima ya kujiandaa. Na mbaya kuliko yote, katika sura ya thelathini Sayuki alimwandikia Wataru barua, akampa Otoe amfikishie, na Otoe kwa wivu akaificha ndani ya mkoba wake wa kalamu! Nilikasirika mpaka nikalitupa jarida. Nilimwambia Tomohide, "Mtu anayeficha barua ya mwenzake ni mtu wa namna gani?"

Akacheka, akasema, "Ni mtu anayependa, bibie. Hana pa kulipeleka pendo lake tu."

"Kwa hiyo wewe uko upande wake?"

"Toka sura ya kwanza," akasema, akaendelea kula.

Toka sura ya kwanza, Bi Tsukuda! Na mimi nimekaa naye meza moja muda wote huo.

Kisha jarida likatangaza kura ya wahusika, wiki tisa, kila toleo na kadi yake ya posta, unaandika jina la umpendaye na chini yake maoni yako. Wasomaji wote wanaamini kwamba atakayeongoza ndiye ambaye mwandishi atamwozesha kwa Wataru. Tomohide, ambaye kadi za mwaka mpya huniachia mimi niandike zote mpaka za wajomba zake, akaanza kukaa kila Alhamisi jioni na kalamu, ulimi umetoka pembeni, akiandika mpaka nafasi inakwisha na kuendelea pembezoni. Asubuhi ananipa kadi, "Nitumbukizie, basi, sanduku liko mlangoni kwenu." Ni kweli, sanduku la posta liko hatua kumi kutoka kwa dobi. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya sanduku nikaona jina lile limeandikwa kwa herufi kubwa, Otoe, na chini yake mistari imejaa, nikashindwa kusoma zaidi, nikairudisha mkobani. Nilisema nitaituma kesho. Sikuituma. Wiki ya pili nayo vivyo hivyo. Zote tisa ziko nyumbani kwenye bati la biskuti za mchele ninamoweka nyuzi za kushonea, na sijasoma maoni hata ya moja, kwa sababu naogopa.

Mwezi uliopita matokeo yakatoka. Sayuki ameshinda. Otoe ameshindwa kwa kura sita.

Sita, Bi Tsukuda, na mimi nina tisa kwenye bati.

Tomohide aliusoma ukurasa ule akasema, "Rafiki wa utotoni hashindi kamwe. Ningejua ningenunua nakala mbili mbili." Kisha akafungua nyuma wanakoandika kwa herufi ndogo majina ya wasomaji waliobahatika kupata zawadi kwa kutuma kadi, akapitisha kidole mstari kwa mstari akilitafuta jina lake, kama alivyofanya kila Jumatano kwa wiki zote zile, akasema, "Bahati yangu mbovu," akaenda kuoga. Nilibamiza kifuniko cha jiko la wali mpaka akauliza kule bafuni kuna nini. Nilikuwa na hasira naye kwa kunifanya nimhurumie.

Si hilo tu la aibu. Wiki iliyofuata nilinunua utepe wa njano. Ndiyo. Nikaufunga, nikaenda nao kazini, na Rikako tunayefanya naye kazi akanitazama juu mpaka chini akasema, "Dada, leo kuna mahafali? Au kichwa kimefungwa kama zawadi ili mtu akifungue?" Nikacheka naye ingawa nilitaka kumtia kwenye mashine. Jioni Tomohide akautazama, akauliza, "Kichwa kinauma?" Nikaukata kwa mkasi. Alipokaa kula nikamnyang'anya ngozi ya samaki wake yote, ingawa hiyo nimeila kutoka sahani yake tangu tuoane na hajawahi kulalamika, lakini siku hiyo niliichukua kwa chuki.

Sasa nikwambie kinachoniuma kweli. Mimi na Tomohide tulikulia mtaa mmoja, kwao na kwetu kulikuwa na ua wa mianzi tu katikati. Siku aliyoniposa alisema, "Basi tuoane, mama zetu wamechoka kuuliza." Hayo ndiyo maneno yote niliyopata. Sijawahi kuambiwa mengine. Nimeishi miaka kumi na minne nikijiambia ndivyo alivyo, hana maneno, na kumbe anayo, ana ya kujaza kadi tisa mpaka pembezoni, ila si kwa ajili yangu. Nadhani alinioa kwa sababu nilikuwa karibu. Sura ya mwisho inatoka mwisho wa mwezi huu, na jarida limewaalika wasomaji wamwandikie mwandishi kabla ya hapo, naye Tomohide amesema hataandika tena kwa sababu kadi zake hazina maana. Je, nizichome? Nimwambie? Na nikimwambia nitabaki na nini?

Ni mimi,
Mwenye Bati, Himi

*

Mwenye Bati,

Nimecheka. Uliniomba nisicheke kisha ukasema nitacheka, nami nimekutimizia la pili. Nilipomaliza kucheka nikamtuma mtu dukani aniletee matoleo yote ya Kiti cha Dirishani, nikasoma siku mbili, kazi nyingine zikalala. Kwa hiyo leo utajibiwa na mtu anayejua anachosema.

Kwanza, pole. Wapo watakaokuambia huyo ni wino na karatasi, unamwoneaje wivu. Wasikusumbue. Wivu haujawahi kuuliza kama mtu yupo au hayupo. Mwanamke aliyengoja neno moja miaka kumi na minne, akamwona mumewe anamwandikia mwingine mistari hadi pembezoni, ana haki ya kuumia, na mumeo nitamfikia.

Lakini kadi zile hazikuwa zako. Alikukabidhi akiamini mkono wako, na wewe umemtazama akilitafuta jina lake kwa kidole wiki baada ya wiki katika orodha ambayo ulijua halimo, ukanyamaza. Hilo ni baya. Usilipunguze kwa kuniambia habari za utepe.

Sasa kaa chini. Umenieleza juu ya Otoe kwa chuki safi: amekulia nyumba ya pili, hubamiza milango, hudokoa sahani ya mwenzake, hajui kusema neno tamu, akapewa barua aifikishe akaificha. Halafu ukurasa huo huo ukanieleza juu yako: ua wa mianzi katikati, kifuniko cha jiko la wali, ngozi ya samaki, na kadi tisa chini ya nyuzi. Nyani haoni kundule, dada yangu, lakini wewe umenichorea lako na kulitia rangi. Masikio sijui. Muulize Rikako kama yanaiva.

Unampenda Sayuki kwa kuwa unatamani ungekuwa yeye. Sawa, ni msichana mzuri, ingawa mimi niliposoma nilimwona baridi kidogo, na chakula chake kinapendeza kuliko kinavyoshibisha. Mumeo hamtaki. Alipewa msichana mpole, mtaratibu, asiyebamiza kitu, akamkataa toka sura ya kwanza, akakaa wiki tisa akiwaomba watu asiowajua wamruhusu msichana wa jirani ashinde. Na wewe unaniuliza kama alikuoa kwa kuwa ulikuwa karibu! Otoe naye yuko karibu. Mumeo anaona hiyo ndiyo sababu ya kumpenda, wewe unaona ndiyo dosari yake.

Huenda nimekosea. Mimi simjui Tomohide, labda anapenda utepe wa njano basi. Lakini ushahidi uko nyumbani kwako kwenye bati, umeandikwa kwa mkono wake, na ni wewe peke yako katika mkoa mzima unayeweza kuusoma na hutaki. Hukuzisoma kwa sababu uliogopa kukuta mwanamke mwingine. Nadhani sasa unaogopa kujikuta wewe mwenyewe humo.

Na mumeo, maana najua hili gazeti analisoma: bwana, mtu mwenye maneno ya kujaza kadi tisa kwa wahariri wa Tokyo hakosi moja la kumpa mkewe. Ati mama zetu wamechoka kuuliza! Wataru mwenyewe, na ubutu wake wote, katika sura ya arobaini alisema vizuri kuliko hapo. Uone haya.

Haya, sikiliza utakalofanya. Usichome kitu. Jumapili hii, baada ya kula na kabla hamjawasha televisheni, weka bati mezani. Sema, "Sikuzituma. Nilimwonea wivu." Ishia hapo, usiongeze "lakini". Atakasirika, au atanyamaza, na kwa mtu kama yeye kunyamaza ndiyo hasira yenyewe, basi mwache anyamaze na usibamize kifuniko chochote. Akimaliza, mwombe akusomee sehemu ya maoni, yeye mwenyewe, kwa sauti, kuanzia kadi ya kwanza. Akiona haya, mwambie ni agizo langu.

Baadaye zitieni zote tisa kwenye bahasha moja kwa mwandishi. Kura imekwisha, hazitamrudishia Otoe ushindi, na hilo utalibeba. Lakini mtu aliyemchora msichana yule ana haki ya kujua kwamba hapo Himi Otoe alikuwa na mtu wake. Kisha chukua kadi ya posta uandike ya kwako, kwa jina lako halisi. Ya Otoe, si ya Sayuki. Sema unamchukia kwa nini, sema mpaka pembezoni, na mstari wa mwisho sema unamtakia nini na huyo jirani yake.

Ukimaliza usiende nayo kazini. Mpe mumeo aitumbukize yeye. Njiani ataisoma, kadi ya posta haina bahasha, na hapo utakuwa umeshamwambia.