Peasi Halingojwi Mtini

Makambako,
18 Januari 1953

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua chako kimetulia na mwewe amekuachia kuku wachache. Sisi tu wazima, ila upepo wa Makambako unatutilia vumbi hadi kwenye ugali.

Mume wangu Alois anakuletea kapu kwa lori lao la kazini. Ndani mna mche kwenye kopo na matunda matano yaitwayo mapeasi. Nimepewa na jirani yangu Telesia, ambaye mumewe anatunza bustani ya Mzungu mmoja huku. Tafadhali usiyachemshe kama viazi, nakujua. Yafukie kwenye maharage makavu, na kila asubuhi uyabonyeze karibu na kikonyo. Likibonyea, kula. Maji yatakuchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na karibu na kokwa utasikia chembechembe kama sukari ambayo haijayeyuka. Linalainisha tumbo pia.

Telesia amesisitiza jambo moja: peasi halingojwi mtini. Huchumwa likiwa gumu, maana huanza kuiva kwa ndani. Ukilisubiri lilainike juu ya mti, nje utaliona zima, kumbe moyo umeshaoza.

Mche uupande penye jua, na usikifukie kile kifundo cha shina walipouunganisha.

La mwisho liweke moyoni. Nina mimba tena, imefika mwezi wa sita. Wale wawili wa kwanza hawakufika hapa. Niombee.

Mwanao,
Emilia

Njombe,
2 Februari 1953

Mwanangu Emilia,

Kamwene, na marahaba. Kifua ni kilekile, nimekizoea kama mpangaji asiyehama.

Nilichemsha moja. Usicheke. Lilikuwa gumu, nikasema hawa watoto wa siku hizi watanifundisha nini. Likawa maji matamu, nikayanywa kama uji. Manne yaliyobaki nilitii. La mwisho nililila nyuma ya mlango ili majirani wasiniombe, Mungu anisamehe.

Mche nimeupanda nyuma ya nyumba kwa samadi ya zamani na majivu, nikauzungushia mianzi kwa sababu ya mbuzi. Una majani mazuri, yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

Kuhusu lile jingine sisemi neno. Siku zikikaribia, mtume Alois anichukue.

Mama yako

Njombe,
10 Mei 1953

Mama Danieli,

Nimeliandika jina hilo polepole ili nilitazame. Nimefika salama, mgongo tu unalalamika kwa ajili ya lori. Je, mjukuu wangu ananyonya vizuri? Na wewe, umepata nguvu? Kula, usione haya kula.

Umemrudishia marehemu baba yako jina lake, nami sina cha kukulipa. Kitovu chake kilichoanguka nilikibeba kwenye kitambaa, na nimekizika chini ya mpeasi, kama nilivyokuzikia chako. Sasa ule ni mti wake. Ukistawi, naye anastawi. Mchungaji hana haja ya kusikia habari hizi.

Bibi yake Danieli, yaani mama yako

Makambako,
7 Juni 1953

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo. Danieli ameanza kucheka. Alois anadai anamchekea yeye, lakini nimechunguza, anachekea sufuria. Amenenepa hadi mikono ina mikunjo. Bado usiku mimi huamka nikaweka sikio kifuani pake nisikie kama anapumua, halafu namwamsha bure analia.

Mti wake haujambo?

Mwanao,
Mama Danieli

Njombe,
5 Julai 1953

Mama Danieli,

Kamwene. Sina salamu ndefu leo.

Mti unakufa. Majani yalianza kugeuka rangi, nikaumwagilia, nikautilia samadi nyingine. Yakazidi kuanguka. Leo umebaki fimbo tupu. Miti ya miwati ina majani, mianzi ina majani, huo peke yake ndio uliokauka.

Mti wa baba yako ulikauka mwaka ule alioanza kuugua. Niliuona nikanyamaza, nikajiambia ni mchwa. Safari hii sinyamazi. Mlete mtoto nyumbani, wazee wa kanisa wamwombee, nami nimwangalie kwa macho yangu. Usimngoje Alois arudi safari. Panda lori lolote.

Mama yako

Njombe,
27 Septemba 1953

Mwanangu,

Kamwene. Sikujua nianzeje barua hii, nimeandika hivyo tu.

Tangu tumzike Danieli na Alois akurudishe Makambako, hujaniandikia. Kila lori lao likipita namwuliza habari zako. Ananijibu, "Yupo, mama," kisha anatazama matairi.

Ulipanda nyuma ya lori la mbao, juu, bila turubai, kwa sababu niliandika usingoje. Ukungu wa Julai uliwalowesha njia nzima. Ulipofika kwangu blanketi lake lilikuwa bichi, na kichomi kilimshika usiku uleule. Alikuwa mzima mpaka nilipomwita. Ninalijua hilo, wala simtafuti mtu wa kumsukumia.

Sasa lazima nikuambie kitu kingine, ingawa ningependa usikisikie kamwe. Mti haukufa. Nilikwenda kuung'oa nikautie motoni, nikaukwaruza kwa ukucha, chini ya gamba ni kijani. Leo una vichipukizi kila tawi. Nilimwomba Alois amwulize Telesia. Amejibu kwamba miti ya aina hii hupukutika kila kipupwe na kuchipua joto likirudi, na kwamba hakuwaza kutuambia, kama mtu asivyowaza kukuambia kwamba kuku hulala.

Nimeshika panga mara mbili. Kitovu chake kiko pale chini, na sijui nitakuwa ninakata nini. Niambie niukate au niuache. Niambie pia nikuiteje. Lile jina naogopa kuliandika, na kukuita Emilia tu naona kama ninamzika mara ya pili.

Mama yako

Njombe,
30 Oktoba 1955

Mwanangu,

Kamwene. Nasikia kwa Alois kwamba ulikuwa na homa ukapona. Ahsante Mungu. Mimi kifua kimenipunguzia safari, sasa kanisani nafika wimbo wa pili ukiimbwa.

Hukunijibu, kwa hiyo sikuukata. Mwezi uliopita ulitoa maua meupe kwa mara ya kwanza, na sasa kuna vitunda vidogo, si vingi. Sitamruhusu mtu avichume. Ni vya kwako. Njoo uvichume kwa mkono wako mwenyewe.

Nakungoja.

Mama yako

Makambako,
11 Machi 1956

Mama,

Shikamoo. Kalamu imekuwa nzito mkononi. Mimi ni mzima. Upepo ni uleule. Mtoto mwingine hajaja.

Kapu lako nimelipata. Hukutia barua, nami sikustahili barua. Alois anasema uliyaacha mapeasi mtini mpaka yakaanza kuanguka yenyewe, ukiwafukuza watoto wa jirani kwa fimbo, na alipokusihi uyachume ulimjibu kwamba mwenyewe yuko njiani. Mama, nilikuandikia tangu mwanzo kwamba halingojwi mtini. Nimelipasua la kwanza, nje zuri, ndani jeusi. La pili hivyo hivyo. Nimeyapasua yote juu ya meza, nikalia mpaka Alois akatoka nje.

Nilikuchukia. Neno hili nimeliandika na silifuti. Nilikuchukia kwa barua ile ya Julai, na kila niliposhika karatasi nikujibu nililiona lile blanketi. Nilimchukia na Telesia mpaka akaacha kunisalimia. Nimechoka kuchukia sasa, lakini sijafika pale unaponingojea. Barabara ile siwezi kuipita bado. Mwaka huu sitakuja.

Peasi moja lilikuwa na upande mzima, upana wa kidole. Niliukata nikaula. Ni mtamu kuliko yale ya Telesia. Danieli hakuonja kitu chochote duniani isipokuwa maziwa yangu.

Usiukate mti wake. Kipupwe kikija ukapukutika, usiogope, kaa ndani upate joto, ulinde kifua. Na mwakani usinisubiri. Yachume yangali magumu, umpe Alois. Nitayafukia kwenye maharage hapa kwangu, niyabonyeze kila asubuhi.

Uliniuliza uniiteje. Niite vilevile.

Mwanao,
Mama Danieli